Maji Hayabembelezi: Juu ya Watoto Wetu na Michezo ya Ziwani



Katika vitabu vyetu vya mila tumezoea kuandika juu ya mambo makubwa: ndoa, mahari, kilio, kutawazwa kwa mwami. Ni vizuri, lazima yaandikwe mbele wazee hawajatuacha. Lakini kuna mafundisho mengine ambayo hayana mzee wa baraza wala siku yake maalum, na ambayo kila mmoja aliyezaliwa pembeni ya maji aliyapata kabla ya kujua kusoma. Nasema mafundisho ya mtoto mdogo anayechezea maji. Kwa sababu yako mbele ya macho kila siku, hakuna anayeyaandika.

Chukua pwani yetu ya Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, kiisha uteremke njia ya Fizi, upite Makobola, Swima na Mboko mpaka Baraka. Mchana wa siku ya Mungu watoto wamejaa majini kama ndagala ndani ya wavu. Wengine wamelala kifudifudi penye maji madogo, wanapiga miguu. Wengine wanakumbatia bidoni tupu ya lita 5, kifuniko kimekazwa vizuri, ndiyo mwalimu wao wa kuogelea. Wengine wamechonga vipande vya kandambili iliyokatika vikawa mitumbwi, wamechomeka kijiti na jani kama tanga. Na pale juu, pembeni ya njia, mama mmoja anaita kwa nguvu: "Mutoke mule mu maji! Mamba-muntu atawakamata!" Watoto wanatoka mbio, wanacheka, wanangoja mama apite, wanarudi.

Ni juu ya huyu mama na hawa watoto ninataka kuuliza. Je, ana haki ya kuwafukuza? Na hasa, ana haki ya kuwafukuza kwa neno ambalo yeye mwenyewe hasadiki?

Kwanza tuone wanachojifunza, maana mtu akisema "ni michezo tu, bale batoto hawana kazi", mazungumzo yamekwisha mbele ya kuanza.

Wale waliosoma sehemu ya pedagogie wanamkumbuka Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi (1896–1980). Alikuwa anamwaga maji kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba na ndefu, mbele ya macho ya mtoto, kiisha anauliza: maji yameongezeka, yamepunguka, ama ni yale yale? Mtoto wa miaka minne au mitano anasema yameongezeka, kwani yamepanda juu. Kufika karibu miaka saba, anasema ni yale yale. Sisi tuliandika hayo ndani ya daftari, tukayarudisha siku ya mtihani, tukapata pointi. Lakini tazama mtoto aliyekaa ndani ya besani mbele ya nyumba. Anachota kwa kikopo, anamwaga ndani ya chupa, chupa inajaa, maji yanabaki. Anamwaga chupa ndani ya sufuria, sufuria haifiki hata nusu. Anarudia mara ishirini, bila mtu kumlazimisha. Hakuna darasa moja la shule ya msingi ambamo mtoto anarudia zoezi mara ishirini kwa furaha. Mwaka wa 1969 watafiti walichapisha kwamba watoto wa wafinyanzi huko Meksiko, ambao mikono yao ilizoea udongo, walielewa mapema kuliko wenzao kwamba donge likibadilishwa umbo halibadiliki wingi. Mkono unatangulia, kichwa kinafuata.

Na kipimo si jambo dogo. Soko letu lote linaishi kwa kipimo. Maharagwe, mchele, unga, mawese, ndagala zilizokauka, vyote vinauzwa kwa mukebe, kwa kopo, kwa chupa. Mtoto anayetumwa sokoni na ambaye hajawahi kujaza na kumwaga, ataona mukebe mrefu na kusema huu ndio mkubwa. Atadanganywa. Ni kweli pia kwamba yule muuzaji aliyebonyeza mukebe wake chini ili uingie ndani kidogo, naye alijifunza mahali fulani kwamba chombo kikibonyea kinabeba kidogo. Pengine alijifunza ndani ya besani hiyo hiyo! Basi tusiseme haraka kwamba maji yanafundisha wema. Yanafundisha kipimo. Kutumia kipimo kwa haki ni somo lingine, nitalirudia.

Kuna mambo ya kuelea na kuzama. Mbegu kavu ya embe inaelea, jiwe dogo kuliko hiyo mbegu linazama. Kumbe si ukubwa unaoamua. Mtoto aliyeshangaa juu ya hilo akiwa na miaka minne hatashangaa siku mama yake atakapoloweka maharagwe na kutoa yale yaliyoelea, kwani yametobolewa na wadudu, wala siku atakapoona yai linapanda juu ndani ya sufuria na mama analitupa. Jikoni kwetu kuna sayansi ya maji nyingi kuliko tunavyokubali, na mlango wake ni mchezo.

Kuna fimbo inayoonekana imevunjika. Mtoto anaichomeka majini, anaiona imepinda, anaitoa, imenyooka. Watoto wengine wanafanya hivyo kwa muda mrefu kabisa, ingiza toa, ingiza toa, kama vile wanataka kuifumania. Mvuvi anayetumia mkuki anajua maana yake: samaki hayuko pale jicho linapomwona, yuko chini zaidi, ukimlenga sawasawa na jicho unachoma maji. Nafikiri hili ndilo somo la kwanza la filosofia ambalo mtoto wa ziwani anapata. Jicho lake mwenyewe linaweza kumwambia jambo ambalo mkono unakataa. Sijui mwalimu gani angeweza kulisema vizuri kuliko ile fimbo.

Kuna sauti pia. Mmoja anazamisha kichwa, mwenzake aliye mbali anagonganisha mawe mawili chini ya maji, na yule wa kwanza anasikia kana kwamba yamegongwa ndani ya sikio lake. Ndani ya maji sauti inakwenda kasi karibu mita 1480 kwa sekunde, hewani ni karibu 340. Mtoto hana hizo namba, lakini amesikia tofauti.

Ila jambo ambalo mimi naona kubwa kuliko hayo ni upepo. Wavuvi wetu wanajua kwamba usiku mpaka alfajiri upepo unashuka kutoka milima ya Mitumba kwenda ziwani, na mchana unageuka, unatoka ziwani kupanda nchi kavu. Sababu inaelezwa katika jeografia: nchi kavu inapata joto upesi na kupoa upesi, maji yanakawia. Mtoto hajui sababu, lakini mtumbwi wake wa kandambili umemwonyesha jambo lenyewe. Akiuweka majini asubuhi na mapema, unakwenda zake na haurudi. Akiuweka saa nane ya mchana, unarudishwa miguuni pake. Atalia mara moja, mara mbili, mara ya tatu amejua saa ya kuuweka. Na hili linaokoa maisha. Mara ngapi mtoto amefuata mpira au bidoni inayopelekwa na upepo wa asubuhi, hatua moja mbele, na nyingine mbele, mpaka chini pakakosekana? Mpira unakwenda polepole, unaonekana karibu, unamvuta. Yule aliyewahi kupoteza mitumbwi mitatu anajua kwamba vitu vya asubuhi havifuatwi. Vilevile miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, upepo unatoka kusini na kupita ziwa lote kwa urefu wake, karibu kilometa 670, ndiyo maana mawimbi yanatufikia huku kaskazini yakiwa na hasira. Watoto wa Kalundu hawahitaji kalenda kwa kujua kwamba kiangazi kimefika.

Sasa ile haki niliyosema.

Baada ya mvua, mto Kalimabenge ukiisha kupunguka, watoto wanashuka ndani ya mchanga wake na kuanza kazi ya uhandisi. Wanachimba mifereji, wanajenga kuta za mawe na tope, wanafanya mabwawa madogo, na pembeni ya mabwawa wanaweka nyumba za mchanga, barabara, hata soko. Panapokuwa na kundi moja, hakuna maneno. Lakini lazima kundi la pili litakuja na kukaa upande wa chini. Hapo habari inaanza. Wale wa juu wakifunga, wa chini wanabaki na mchanga mkavu: "Mutufungulie maji, haiko yenu peke yenu!" Wale wa juu wakichoka wakabomoa ukuta kwa mguu, maji yanashuka yote kwa mara moja na kufagia nyumba za wa chini. Wanapigana. Kiisha, kama hakuna mkubwa aliyeingilia, wanaongea. Ukiwaangalia kwa uvumilivu utaona sheria inazaliwa: mwenye kufungua atangulie kupiga kelele "Nafunguaaa!", anafungua kidogo, habomoi, na kesho yake makundi yanabadilishana, aliyekuwa juu anakwenda chini.

Sheria hii ya mwisho ndiyo inanishangaza. Wataalamu wameandika vitabu vizito juu ya haki, wakituomba tufikiri kama vile hatujui tutazaliwa wapi, tajiri ama maskini. John Rawls wa Marekani alifanya hivyo mwaka wa 1971. Watoto wa Kalimabenge hawafikiri "kama vile". Kweli kabisa kesho watakuwa chini.

Mtu atanijibu: kama mchezo unafundisha haki hivyo, mbona sisi wakubwa, tuliocheza mchezo huo huo, tumefanya tuliyofanya? Tumekata miti ya mlima juu ya mji. Tumelima miteremko iliyosimama kama ukuta. Tumeuziana viwanja ndani ya njia ya mto, muuzaji anajua, mnunuzi anajua. Katikati ya Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha, mto Mulongwe ukashuka na mawe na matope, watu kwa makumi wakafa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe pembeni ya ziwa Kivu, Bushushu na Nyamukubi zikafunikwa, wafu wakapita 400. Wale waliokaa juu hawakupiga kelele "Nafungua".

Swali hili ni zito na sitaki kulikimbia. Jibu langu ni kwamba mchezo wa mtoni unafundisha haki kwa sababu mwenye kuumizwa yuko hatua tano kutoka kwa mwenye kuumiza, uso kwa uso, na kesho watabadilishana. Mkata miti wa mlimani hamwoni aliye Mulongwe, na hatabadilishana naye. Somo lilifundishwa kwa umbali wa hatua tano; hakuna aliyelipeleka mpaka umbali wa kilometa kumi. Hiyo ilikuwa kazi ya wakubwa na ya masomo: kumwambia mtoto siku moja, "Unakumbuka lile bwawa lenu? Basi mlima ni ukuta, na mji wote ni zile nyumba za mchanga." Mwalimu wa jeografia angeweza kufanya somo hilo kwa dakika kumi, bure, mtoni. Wengi wanabaki kuandika ubaoni neno la mmomonyoko na maana yake.

Kwa hiyo kuna mambo maji yanafundisha yenyewe mpaka mwisho, kama kipimo na upepo. Kuna mengine yanaanzisha tu, neno la mkubwa linamaliza. Na kuna aina ya tatu, ile inayomtia mama pale njiani hofu: mambo ambayo maji yakikufundisha, umekwisha kufa.

Kina ni namna hiyo. Ziwa Tanganyika linafika mita 1470, ni la pili kwa kina duniani nyuma ya Baikal ya Urusi. Ziwa hilo halishuki polepole kila mahali. Upande wetu wa magharibi milima inaingia majini ikiwa bado milima, na kuna sehemu ambapo mtoto anatembea kwenye changarawe, maji yako magotini, hatua mbili tena hana chini. Hakuna mazoezi ya jambo hilo. Maji hayabembelezi mtu, hayasemi "rudi nyuma kidogo". Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka wa 2021 watu karibu 300000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikia miaka mitano. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbusha hatari hiyo. Kwetu siku hiyo inapita kimya.

Kolera pia ni namna hiyo. Hapa maji yanafanya kinyume cha ile fimbo. Fimbo inamwonyesha mtoto kwamba jicho linadanganya, na mkono unaweza kusahihisha. Lakini maji meupe, baridi, matamu, yaliyochotwa pale pale alipokuwa anaogelea, yanaweza kubeba kolera, na hakuna jicho wala mkono wala ulimi utakaomwambia. Uvira na Kalemie wanaijua kolera kwa miaka mingi, hata sihitaji kueleza. Mtoto anayecheza na kumeza maji ya ziwa mara mia bila kuumwa atakuwa amejifunza jambo la uwongo: kwamba maji haya ni mazuri. Uzoefu wake wenyewe umemdanganya. Kichocho vilevile, kinaingia kwa ngozi bila kubisha hodi. Na mamba na viboko wapo kweli, hasa karibu na mdomo wa Ruzizi na penye matete.

Basi kwa mambo ya aina hii ya tatu mtoto hana njia nyingine isipokuwa neno la mkubwa. Lazima asadiki mbele ya kuona. Na hapo ndipo ninapomrudia yule mama na mamba-muntu wake.

Mamba-muntu tunamjua wote. Wachoraji wa Katanga walimchora miaka ya 1970 na kuendelea, nusu mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, na picha yake ilitundikwa ndani ya nyumba nyingi. Katika masimulizi ya usiku ana nafasi yake ya heshima, na mimi si mtu wa kumfukuza. Hadithi inayosimuliwa kama hadithi haimdanganyi mtu. Mtoto wa miaka minane anajua vizuri kwamba jioni ina maneno yake na asubuhi ina maneno yake. Shida ni kumtoa mamba-muntu ndani ya hadithi na kumweka ufukoni saa nane ya mchana awe askari.

Wengi wanasema: uwongo wa kuokoa si uwongo. Swali hili lilisumbua wakubwa wa filosofia. Plato aliwakubalia watawala uwongo mmoja kwa faida ya mji. Kant, mwaka wa 1797, alikataa kabisa, hata kama ni kumdanganya muuaji anayemtafuta rafiki yako. Kwangu Kant amezidi. Mama ambaye mtoto wake yuko majini hana wakati wa kumsikiliza. Kama mtoto yuko hatua moja kutoka kwenye shimo na neno mamba-muntu linamrudisha, aliseme, na Mungu atamsamehe. Lakini hiyo si habari ya ufukoni kwetu. Ufukoni neno hilo linasemwa kila siku, kwa watoto ambao hawako hatarini zaidi ya jana, na mama akiisha kulisema anakwenda zake. Linatumiwa pahali pa kukaa na kuangalia.

Matunda yake ni haya. Mtoto anaogelea mara mia, mamba-muntu haji. Akifika miaka sita ama saba amekwisha kutambua: kumbe wakubwa walinidanganya. Si vibaya kwamba amemtupa mamba-muntu. Vibaya ni kwamba katika kifurushi kile kile alipewa mamba wa kweli, shimo la kweli na kolera ya kweli. Maneno yote manne yalitoka kinywa kimoja, kwa sauti moja, mchana mmoja. Sasa atachaguaje? Mwaka huo anaotambua ndio mwaka anaanza kwenda mbali na nyumba bila mkubwa. Tumetumia sadiki yake yote juu ya kitu kisichokuwepo, na siku tunayoihitaji kwa kitu kisichoonekana, imekwisha.

Nimesikia jibu lingine, kwamba mtoto wa miaka mitatu hawezi kuelewa kina wala vidudu vya kolera, anaelewa zimwi tu. Ni kweli hawezi kuelewa. Lakini mtoto wa miaka mitatu halindwi na hadithi, hata ya zimwi. Analindwa na mkono. Penye mtoto wa umri huo anacheza majini lazima kuwe mtu mkubwa umbali wa kunyoosha mkono, na kama hakuna, asiingie. Yule wa miaka mitano na kuendelea anaweza kuelewa ukweli mfupi. Kuna wazazi wavuvi wanaotumia mwili wa mtoto mwenyewe kama kipimo: mwaka huu mwisho wako ni magoti, mwaka ule kitovu, ukijua kuogelea kutoka mtumbwi huu mpaka ule bila bidoni tutaongea habari ya kifua. Wanaingia majini pamoja naye, wanamwonyesha pale chini panapokatika, wanamwacha aguse ukingo kwa kidole cha mguu huku wamemshika. Mtoto aliyegusa ukingo ule hahitaji mamba-muntu. Juu ya kolera pia, mtoto wa darasa la kwanza anaweza kusikia: "Haya maji ya kuogelea, si ya kunywa, ndani yake kuko kidudu ambacho hata mimi sikioni, lakini nimeona watu kiliowaua." Neno "hata mimi sikioni" ni zuri sana. Linamwambia mtoto kwamba mkubwa naye anasadiki neno la wengine.

Kukataza kabisa, kama wanavyofanya siku hizi wazazi wa mjini waliojenga kuta ndefu, si dawa. Mtoto wa nyuma ya ukuta hafi maji mwaka huu. Lakini ziwa liko pale pale, na miaka ya 2020, 2021 na 2024 lilipanda lenyewe mpaka ndani ya nyumba za Uvira na Baraka, halikuuliza nani amejua kuogelea. Siku moja atapanda boti kwenda Kalemie. Siku moja atafuata wenzake ufukoni akiwa na miaka kumi na miwili, na haya ya kuonekana hajui itamsukuma penye kina. Anaanza somo kwa mwisho wake.

Neno moja nisilisahau, maana linaniuma. Nimesema "watoto", lakini angalia vizuri wale wanaoogelea saa tisa ya mchana. Kuanzia miaka saba hivi, wengi wao ni wavulana. Dada zao wako wapi? Wako kwenye robine, kwenye mstari, na bidoni. Msichana anaanza kuchezea maji kama kaka yake, ndani ya besani ile ile. Kiisha anapewa kibidoni cha lita 5, na mwanzoni hata hicho ni mchezo: anakipigapiga, anakipanga pamoja na vya wenzake, wanaimba, wanarushiana maji. Hakuna tarehe ambayo mchezo unageuka kazi. Kibidoni kinakuwa cha lita 10, kiisha cha 20, na siku moja haimbi tena. Tunamsifu, "huyu ni mtoto wa kazi", na kumsaidia mama ni jambo la heshima katika mila yetu, sikatai. Lakini mkataba wa haki za mtoto wa mwaka wa 1989, ambao nchi yetu iliukubali mwaka wa 1990 ikiwa bado inaitwa Zaire, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kucheza, haukuandika mvulana. Na kama yote niliyosema hapo juu ni kweli, yaani upepo, kina, kuogelea, sheria ya wa juu na wa chini, basi msichana anatolewa masomoni mapema kuliko kaka yake, masomo ambayo hayaombi hata minerval. Yeye ndiye atakayekuwa mama njiani kesho, anayepiga kelele kwa sababu hajui kuogelea na hawezi kuingia kumtoa mtu. Wakati mwingine nafikiri mamba-muntu amezaliwa hapo, ndani ya hofu ya mtu ambaye hakuachwa kujifunza.

Inabaki habari ya nani akae ufukoni. Zamani ilikuwa yaya, mtoto mkubwa wa nyumba, pamoja na wadogo zake wote. Siku hizi yaya yuko masomoni, ama anauza karanga na maji ya mfuko njiani, na ni haki asome. Mama yuko sokoni tangu asubuhi. Baba, kama ni mvuvi, alitumika usiku kucha na taa, mchana amelala. Wanaokaa kweli pembeni ya maji kuanzia saa mbili mpaka jioni ni wale wazee wanaoshona nyavu chini ya miembe, watu watatu wanne kila ufuko, macho yao yanaelekea ziwani hata wakiongea. Wanajua upepo, wanajua penye shimo, na wengi wao wameisha kumtoa majini mtoto wa jirani. Mpaka leo hakuna mtaa uliowaita na kuwaomba jambo hilo rasmi, wala kuwanunulia hata kamba ndefu na bidoni mbili za kurusha.